Wekundu wa Soseji za Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mama kazikata soseji za mdogo wangu mbele ya wateja. Nyekundu kama mdomo uliopakwa rangi! Zangu zilikuwa papo hapo mezani, hakuna aliyezigusa. Mimi ndiye niliyeanza karakana hii na Mama, nikisaga nyama mpaka mabega yakafa ganzi. Leo anasema, "Huyu mwanangu ana mkono!" Na mimi nina nini — kwato?

Jumatano, 6 Machi

Wekundu ule si bure. Lazima anazidisha chumvi ya kuhifadhia nyama, ile yenye rangi ya waridi. Kidogo hulinda nyama, ikizidi ni sumu. Nimemwambia Mama, akacheka. Sawa! Nimefunga kipande kwenye plastiki, nimekipeleka maabara.

Jumatatu, 11 Machi

Chumvi iko sawasawa. Mtu wa maabara kaniuliza fundi wake ni nani, ampe hongera. Nikasema simjui! Kumbe alikwisha kumpigia Mama kwa namba ya karakana iliyo kwenye plastiki. Nyumbani nimemkuta mdogo wangu macho yamevimba kwa kulia. Mama hakupandisha sauti. "Wivu utakumaliza wewe kabla sumu haijamfikia mteja. Kuanzia leo usiguse vya mwenzio."

Ijumaa, 29 Machi

Nimegusa. Nimepita chumba cha kukaushia, nikaziminya soseji zake za kesho. Laini ndani. Soseji zetu hazipikwi, uchachu ndio unaoua vijidudu; na harufu ya uchachu hakuna. Nikaponda kipande kwenye maji, nikachovya karatasi ya kupimia uchachu. Ikichacha vizuri, karatasi huwa ya njano. Hii — kijani! Nyama isiyochacha huzaa vijidudu, hata iwe nyekundu namna gani.

Nimewaambia wote wawili. Mama: "Tena?" Mdogo wangu naye, bila hata kugeuka: "Dada, chumvi imekushinda, sasa umehamia kwenye uchachu?"

Wakacheka. Safari hii nasema kweli, na kweli yangu haina mnunuzi.

Jumamosi, 30 Machi

Mwenye duka mmoja amekuja, yuko sebuleni. Anataka mzigo wote wa soseji za mdogo wangu. Mama amesema ataonja yeye kwanza, mgeni aone.

Mdogo wangu kanifuata stoo. Eti umeme ulipokatika usiku mmoja, hita ya chumba cha kuchachushia ilizimika, akaja kuiwasha asubuhi, nyama imeshapoa. Akadhani si kitu. "Dada, ni mbaya kweli?"

Nikamwambia ni mbaya. Kaondoka mbio. Namsikia huko: "Mama, ngoja!" Na Mama: "Dada yako amekutisha tu. Lete sahani."

Mimi nimebaki kuchukua ile karatasi ya kijani, niwaonyeshe. Ninayo mkononi. Nami nimekaa juu ya gunia la chumvi, naandika! Kisu nakisikia kwenye ubao. Mdogo wangu analia, ananiita, "Dada! Dada, njoo uwaambie!"

Mwaka mzima hakuna aliyeniita kwa kunihitaji hivyo. Ngoja kidogo. Aniite mara moja tena tu, kisha niende.