Bunge Langu Halijakaa

Kibiti,
Mwezi wa Mfungo Nne

Mdogo wangu Warda,

Assalaam alaykum. Kwanza nipe hali ya goti lako, maana Shamsia amenionyesha kwenye simu kwamba huko Maseru asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mto umeshuka, na mahindi tuliyoyapanda kwenye tope lililoachwa na mafuriko yamefika magotini. Wifi yako Mwajabu anakusalimu, na anauliza kama blanketi ulilomletea ni la kuvaa au la kulalia, kwa sababu yeye amelifanya zulia.

Barua yako kuhusu serikali ya huko nimeisoma mara tatu. Ahsante sana. Mwalimu mstaafu wa uraia watu humpa kanzu na bakora. Wewe umenipa somo. Umeniuliza, kwa utani wako uleule, mfalme wa Lesotho ana kazi gani ikiwa amri hana, au ni kama bwana harusi wa kwenye albamu. Nivumilie nikueleze, unanijua nikianza.

Katika ufalme wa kikatiba, Katiba ndiyo iliyo juu, na hata mfalme yuko chini yake. Mfalme ni mkuu wa nchi, Waziri Mkuu ni mkuu wa serikali. Mmoja ana kiti cha enzi, mwingine anatawala. Waziri Mkuu hupatikana kwa kuungwa mkono na wabunge walio wengi, na wakimchoka wanaweza kumwondoa. Bunge lenyewe lina mabaraza mawili: moja la wabunge waliochaguliwa na wananchi, na lile la Seneti, ambamo machifu wakuu wana viti vyao. Mahakama husimama kando, isiegemee huku wala huku. Mswada ukishapita bungeni ndipo hupelekwa kwa mfalme, naye akatia saini. Hata hotuba anayoisoma siku ya kufungua Bunge huandikiwa na serikali. Lakini usimcheke. Mawaziri Wakuu huja na kuondoka, na watu hugombana juu yao. Mfalme hubaki, ili wote wawe na mtu wa kumwita wetu. Pembeni ya barua yako niliandika kwamba yeye ni kama walii wa ndoa: ndiye anayetamka "nimekuozesha", lakini hachagui yeye. Nilijipenda sana kwa mfano huo. Kumbe najichimbia shimo.

Unamkumbuka Muhidini wa Umwe, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Mwezi uliopita alileta posa ya mwanawe Ashrafu kwa Shamsia. Tangu mdogo wetu Sadallah atangulie mbele ya haki, walii wa binti yake huyu ni mimi. Niliingia chumbani nikamwuliza. Akainamisha kichwa, hakusema kitu. Nikatoka barazani nikawaambia wageni kwamba kimya cha mwari ni ridhaa yake, tukapanga ndoa iwe baada ya Maulidi. Mwajabu alinitazama tu, akaanza kuondoa vikombe kabla watu hawajamaliza kahawa.

Wiki moja baadaye Shamsia, ambaye sasa anafundisha uraia huko Mbwara, alikuja na daftari. Alisema ana kipindi cha aina za serikali, nimsaidie. Nilifurahi mno. Nikamsomea barua yako, nikamweleza yote mpaka mfano wangu wa walii, naye akaandika kila kitu. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, kama mfalme akitia saini mswada ambao Bunge halijaupitisha, hiyo itakuwa sheria. Nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba hiyo si sheria, ni karatasi yenye wino.

Akafunga daftari. Akasema, "Basi, Baba Mkubwa, bunge langu mimi halijakaa."

Mwajabu alicheka huko jikoni mpaka akapaliwa, akapiga kelele kwamba serikali imeanguka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza binti mbona siku ile alinyamaza. Akanijibu kwamba niliingia chumbani nimeshavaa kofia ya kutolea jibu, wageni wameshamiminiwa kahawa, na yeye hakuona kama pale palikuwa na swali. Ashrafu hana ubaya naye; hamjui tu.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Umwe. Njia nzima nilitafuta maneno nisiyapate, nikijua kwamba urafiki wa miaka arobaini unaweza kuishia hapo. Muhidini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwalimu ni mwalimu tu, hodari wa kufuta alichokiandika ubaoni. Ashrafu naye akasema kwa heshima kwamba heri hapana ya Shamsia kuliko ndiyo ya Baba Mkubwa wake. Wakanipa na mapapai nirudi nayo. Alhamdulillahi kwa watu kama hao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Warda, ulipoozwa Mbwara, walii wako nilikuwa mimi. Niliwaambia watu kwamba ulinyamaza. Hukunyamaza. Ulisema, "Kaka, sitaki," mara mbili, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, hakukusikia mtu ila mimi. Nikatoka nikatia saini. Mama amekufa akiamini kwamba uliridhia. Ulipopewa talaka watu walisema umeyataka mwenyewe, na hukutamka hata siku moja yaliyotokea chumbani mle. Miaka thelathini na moja umeniita kaka, umenitumia dawa za presha, na kila Idi salamu zako ndizo za kwanza kunifikia. Kwa sitara hiyo nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Kwa uongo ule naomba unisamehe. Na safari hii usininyamazie. Kama jibu ni hapana, sema hapana, nami nitawaambia watu vilevile ulivyosema.

Barua hii ataipiga picha Shamsia ili akutumie, kwa hiyo ataisoma. Nimeiandika nikilijua hilo.

Yeye anasema bunge lake likikaa, kwa Ashrafu au kwa mwingine, anataka shangazi yake wa Maseru ndiye aingie chumbani kumwuliza, kisha atoke atamke jibu mbele ya watu. Mimi nitakuwa barazani na kalamu yangu, nasubiri kuambiwa.

Wa nyumbani wote wanakusalimu. Funga goti lako vizuri.

Kaka yako, mtia saini tu,
Ismaily