Blogu Isiyo na Sehemu ya Maoni

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Goti la mama limepata nafuu, na cherehani yangu imeacha kelele.

Blogu yetu nimeiona. Mishono, picha, namna ya kuchukua vipimo, yote tuliyopanga mezani kwangu yamo. Ila ule ukurasa wa "Ndoa ya Dada Yangu Ilivyovunjika" hatukuupanga. Nilikulilia wewe, sikuulilia ulimwengu. Sasa wateja wananipa pole huku wakinikagua kama nguo ya mtumba.

Nilipoomba tuweke sehemu ya maoni, uling'aka: "Ya nini, dada? Watu watatutukana bure!" Kumbe uliyekuwa unamfungia mlango ni mimi. Nimekosa pa kukujibia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni mimi,
yule dada wa kwenye blogu.