Pengo la Mama

Jumatano. Mvua imenyesha Juba tangu alfajiri na ua wetu hapa Hai Malakal umejaa matope. Moyo wangu nao hautulii.

Kwa miaka mingi nimechora mikono yenye sabuni kwenye mabango ya usafi ya mashirika ya misaada ya kule Thongpiny. Sasa nimepata kazi ya kuchora kitabu cha hadithi za watoto, cha kwanza chenye jina langu kwenye jalada. Bibi wa hadithi nilimchora kwa sura ya mama yangu, pamoja na pengo lake la chini. Meno ya hapo aling'olewa kimila akiwa msichana, kama rika lake lote, na mpaka leo husimulia kwa maringo kwamba hakulia.

Mhariri wangu wa Nairobi aliniandikia kwa upole: nijaze meno, watoto wamwone bibi mzima.

Nikayajaza. Nakiri, sikubisha hata kidogo. Niliogopa kunyang'anywa kitabu.

Kabla ya kutuma mchoro huwa nawaonyesha watoto wa jirani. Leo asubuhi Keji, wa miaka mitano, ambaye hula na mama yangu kila siku, aliutazama akasema huyu si haboba, yaani si bibi yake. Mama, ambaye ndiye haboba huyo, akaja kujionea mwenyewe, nikamweleza kwamba mhariri anataka bibi mzima.

"Mimi iko mzima, Poni. Hii meno ni ya nani?"

Alicheka. Lakini alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Sijawahi kumwona mama akiziba mdomo.

Kambini Uganda, nilipokuwa mdogo, kila asubuhi tuliulizana: mzima? Mzima. Yaani tumeamka hai. Shangazi zangu husema mama alianza kuitwa mtu mzima siku ile ya meno. Mhariri alimaanisha asiyepungukiwa na kitu. Maana zote hizo nilizijua, nikafuata ile iliyomtia mama haya. Nimelia kidogo jikoni.

Mchana nimeyafuta meno. Nimemwandikia mhariri kwamba bibi huyu ni mzima hivi alivyo, na sitambadilisha tena. Jibu halijafika. Wakininyima kitabu, nitarudi kwenye sabuni zangu.

Mama amekaa mbele yangu, anakoroga unga wa kisra, mkate wetu mwembamba, kwa mkono mmoja. Nimemwambia pengo lake limerudi. Amecheka mpaka mabega yakatikisika.

Mkono wa pili ulikuwa umetulia gotini. Haukunyanyuka.