Iache Bajaji Ilivyo

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba. Mgongo unalalamika, lakini mkonge wa huku Tanga bado naukata. Nimefurahi kusikia mdogo wako ameanza kutembea, na zaidi kwamba wewe hukuumia bajaji yako ilipopata ajali.

Unauliza kama fundi aanze kuinyoosha bajaji yako, maana mkaguzi wa bima anachelewa na majirani hapo Ujiji wanakucheka.

Nilipokuwa kijana nikipakia samaki ufukweni Katonga, pikapu ya tajiri wetu, Mzee Hamisi, iligongwa ubavuni na lori. Alikuwa na bima kubwa. Aliposikia mkaguzi anakuja, akasema, "Mgeni hapokelewi kwenye uchafu." Bodi ikanyooshwa, mlango ukabadilishwa, rangi ikapigwa, nasi tukaiosha ikang'aa.

Mkaguzi akaizunguka, akacheka. "Mzee, nimekuja kumwona mgonjwa, mmenitolea bwana harusi! Nilipe nini hapa?"

Mzee Hamisi akamgeukia fundi. Fundi alikuwa anasubiri kulipwa. Mkewe ndiye aliyeita kutoka uani, "Kwani mlango wa zamani si huu nimefunikia banda la kuku?"

Tukafukuza kuku, mkaguzi akaupiga picha. Bima ikalipa mlango. Kunyoosha na rangi, tajiri alijilipia mwenyewe.

Basi iache ilivyo, hata kioo kilichovunjika usikiokote. Mpigie mkaguzi simu mpaka akuchoke. Wakikucheka, waambie inamngoja daktari wake. Itapona.

Nikipata likizo nitakuja kwa treni, nawe utanipokea stesheni ya Kigoma kwa bajaji hiyo hiyo.

Babu yako