Mgongo Niliopewa Kuchora

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mama Trésor, mke wangu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa nyumbani Kindu. Homa ya mama mkwe imepungua? Usishtuke kuona mwandiko umepinda. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umevunjwa vidole vitatu, na meno mawili ya mbele yametoka. Nitakueleza yote.

Masomo ya kuchora yalikuwa yanaenda vizuri. Darasani wananiita papa, mzee wa miaka hamsini mwenye daftari kwapani, na mimi nacheka nao. Jumatatu mwalimu wetu, Madame Béa, alileta mvuvi mmoja kutoka kule maporomokoni, akae mbele yetu tumchore. Akavua shati, akatupa mgongo. Ulijaa makovu. Nilipofika nusu ya picha nikataka kuona bega la pili.

Nikamwambia, "Geuka."

Neno hilo nililisema kazini, gerezani, miaka kumi na minane, kwa sauti ileile. Yule mtu akageuka polepole, akaniangalia.

"Chef," akasema. "Weye njo ulikuwa unanipiga na câble ya umeme."

Akakamata nyundo ya mbao ya wachongaji tunaotumia nao chumba, akanipiga mdomoni. Nilianguka. Akaupiga mkono wangu juu ya saruji, mara tatu, mara nne, nikasikia mifupa ikivunjika. "Geuka! Geuka weye sasa!" Damu iliruka mpaka kwenye karatasi za wenzangu. Watu watano ndio waliomvuta. Sikujikinga, na si kwa wema. Nilikuwa nimemtambua.

Madame alitaka kuita polisi.

"Hapana, Madame. Mumuache aende. Mimi njo nilianza, zamani."

Mke wangu, nilikudanganya. Nilikuambia niliacha kazi kwa sababu ya kiuno. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimezoea. Nilipiga watu waliofungwa mikono, kisha nikarudi nyumbani, nikala pondu yako, nikalala usingizi mzuri.

Siku ya nne mvuvi akaja mlangoni kwangu. Nilimpa kiti, akakataa.

"Sikukuya kuomba pardon," akasema.

"Najua. Mimi njo naomba msamaha."

Akaniuliza, "Jina yangu ni nani?"

Sikulijua. Nilimpiga miezi na miezi, jina lake sikulijua.

"Bolila. Andika."

Akasimama pale mpaka nilipomaliza kuliandika, herufi moja moja, kisha akaondoka.

Nisalimie mama mkwe, na dada yako mshonaji, na tonton, mjomba anayetulindia kiwanja. Trésor wetu aliniandikia kwamba anataka kuingia kazi niliyoiacha. Yeye usimpe salamu tu. Mkalishe, umsomee barua hii yote, bila kuruka kitu.

Mume wako,
Papa Trésor