Kompyuta Inayopumzika Sabato

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi huku Mungu anatushika. Mkeo miguu imevimba kidogo ila anacheka. Mkunga kasema wiki tatu, si zaidi. Utakuja? Kila nikiuliza, seva, seva. Hiyo seva, kompyuta yako kuu, imekuzaa?

Kompyuta yetu ipo kando ya cherehani, inafanya hesabu za kutafuta dawa ya malaria huku nikishona. Huwa naiangalia nashangaa: kwangu kipande kimoja tu, vingine kwa maelfu ya watu nisiowajua, waliojitolea tu kama mimi, na vyote vinakutana kwako. Bwana ni mkuu.

Mama yako

Tarehe 6 Juni

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, macho tu mekundu. Kazi za kompyuta elfu thelathini nazigawa, nazipokea na kuzikagua kwa mkono, na mwenzangu anauguza mzazi. Nikiondoka siku mbili, seva inajaa, kila kitu kinasimama, na watu wanatukatia tamaa. Ndiyo maana naiandikia maagizo ijiendeshe: igawe kazi, ikague, ifute zilizokwisha, na kompyuta zilizokufa iziondoe yenyewe. Ikimaliza wiki bila mkono wangu, napanda basi.

Mwambie mkweo asiharakishe!

Mwanao

Tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo hajambo, anasema mtoto hasubiri seva.

Sasa sikia: seva yako imenifukuza kazi! Jumamosi jioni nimewasha kompyuta, hakuna kazi. Jana hakuna. Nimepangusa vumbi, nimeomba, wapi! Mkeo kasoma kwenye kioo: eti kompyuta hii imekufa. Imekufaje na feni inavuma? Wewe si wajua, Ijumaa jua likizama naizima mpaka Jumamosi lizame tena. Amri ya Sabato inasema hata mtumishi wako apumzike, na hiyo ni mtumishi. Umesahau nyumba iliyokulea?

Mama yako

Tarehe 17 Juni

Shikamoo Mama,

Poleni na kungoja. Nimeisoma barua yako. Mimi ndiye niliyeiambia seva: aliyenyamaza saa ishirini amekufa, asipewe kazi tena. Nikafungua orodha ya wafu. Elfu nne, Mama! Kuna shule zinazofungwa wikendi, kuna wanaokatikiwa umeme, na kuna wa kwenu, washika Sabato. Nimewaona kwenye ramani: Ijumaa wanazima mmoja mmoja, mji baada ya mji, ukimya unalifuata jua linavyozama. Miaka minne nazisoma namba hizi, sikuwahi kuona kwamba ni watu.

Sasa nimeifundisha ingoje siku kumi. Lakini kwa kuwa nimeigusa, wiki ya majaribio lazima ianze upya leo. Mniombee.

Mwanao

Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Umefika salama? Mtoto kaamka vizuri. Mkeo bado anakudai zile siku mbili ulizochelewa baada ya mtoto kuzaliwa, ila anakudai akitabasamu.

Kuna jambo sikukuambia. Jumamosi ile jioni nimewasha kompyuta, wewe uko uani unamwogesha binti yako, povu mpaka kwenye nyusi. Mara kazi mpya ikaingia. Nikakupigia kelele, "Nani kaituma?" Ukajibu bila hata kugeuka, "Hakuna mtu, Mama."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Maelfu ya watu wanafanya kazi pamoja, na hakuna anayewasimamia, na wewe umeshika mtoto kwa mikono yote miwili. Nilishindwa hata kuomba. Nilisema tu asante.

Mama yako, na sasa Bibi