Moyo wa Baba Hautachomwa

Valea Corbului,
Novemba 20, 1931.

Mdogo wangu mpendwa Octavian,

Natumaini u mzima pamoja na mkeo Smaranda, na kwamba baridi ya Bucharest haijamrudishia mafua. Hapa theluji imeshashuka mlimani, na ng'ombe wetu bado anatoa maziwa.

Telegramu yako, baba mdogo Nistor aliisoma mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia. Neno moja tu: fukueni. Basi mkesha wa Mtakatifu Andrea, tarehe 29 mwezi huu, watafungua kaburi la baba, watautoa moyo wake na kuuchoma, na majivu nitakorogewa kwenye maji ninywe nipone. Nistor anasema baba amekuwa strigoi, mfu anayerudi kunyonya damu ya jamaa zake, na ameanza na mimi. "Jitazame, binti yangu, umebaki macho na shingo!" Mama mdogo Paraschiva naye anaapa kwamba aliona paka akiruka juu ya jeneza, na hicho ndicho humfanya maiti kuwa strigoi. Nikamwambia kwa pombe aliyokunywa siku ile, angeona hata farasi akiruka. Amenuna mpaka leo, ila vitunguu saumu vya kumzuia baba asiingie dirishani kwangu hajaviacha, kila Jumamosi anaweka vipya.

Unaijua riwaya yangu ya mnyonya damu. Mwanzoni Bwana Manea alikuwa mwovu tupu, akitoka nyumba za watu ameshiba na anacheka. Uliniandikia kwamba ulilala taa ikiwaka. Tangu tumzike baba, kicheko kile kimenishinda kuandika. Katikati ya kitabu Manea anatambua kwamba kila anayemkumbatia anadhoofika. Mwishoni anasimama nje ya dirisha la binti yake, anaona moto unawaka ndani, anaondoka bila kubisha hodi. Mchapishaji anasema wasomaji wanataka Manea achomwe kigingi kifuani. Nisipomuua Manea, hachapi. Nimemjibu abaki na mashine zake.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu hapa. Septemba nilikwenda kwa daktari mjini. Nina kifua kikuu. Ndicho kilichomuua baba, sisi tukiita uchovu. Kwa hiyo Nistor hajakosea sana: baba ndiye aliyenipa. Lakini alinipa akiwa hai, nikimlisha kwa kijiko. Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba wiki zake za mwisho aligeuza uso ukutani kila nilipoingia, akinifokea nitoke? Nililia, nikidhani amenichukia. Kumbe daktari huyo huyo, ndivyo alivyoniambia, alikuwa amemwonya asimpumulie mtu. Nilirudi nyumbani siku ile ile nikamwondoa Manea dirishani.

Hawashiki koleo bila ruhusa ya mwana wa kiume wa marehemu, na ruhusa waliyonayo ni yako. Mimi ni mkubwa wako, Tavi: iondoe. Usipoiondoa, watanikuta nimeketi juu ya kaburi na blanketi la baba, waanze kwa kunibeba mimi. Majivu hayo sinywi, hata wanishike pua. Ukitaka nipone, nitafutie kitanda katika hospitali ya kifua huko. Nitakuja na kitabu changu, Manea akiwa mzima ndani yake.

Msalimie sana Smaranda. Mwambie nikifika asinibusu, wala asihuzunike nikigeukia ukuta.

Dada yako,
Veturia